Jibu la mtaalamu: Namna ya kuitangaza siku ya kuchangia damu mtaani kwa shilingi 60,000

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana 14 wa kujitolea hapa Makorora, Tanga. Jumamosi ya tarehe 13 Juni 2026, siku moja kabla ya Siku ya Wachangia Damu Duniani, tumepanga zoezi la kuchangia damu katika ofisi ya serikali ya mtaa, na wataalamu wa damu salama wamekwisha kukubali kuja na vitanda vinne. Mwaka jana tulibandika mabango na kutuma tangazo katika makundi ya WhatsApp, lakini walikuja watu 19 tu, na 7 kati yao walirudishwa bila kuchangia. Mwaka huu tuna shilingi 60,000 za kutangazia na wiki sita za kufanya kazi. Tuzitumieje? — Katibu wa kikundi

JIBU: Ndugu Katibu, hongereni kwa kurudi uwanjani baada ya mwaka uliowavunja moyo. Katika barua yako zimo tarakimu mbili ambazo ningependa tuanze nazo, kwa sababu zinaeleza matatizo mawili tofauti ambayo waandaaji wengi huyachanganya. Kuja kwa watu 19 ni tatizo la wito: wengi waliliona tangazo lenu, ila hakuna aliyehisi kwamba anaitwa yeye. Kurudishwa kwa watu 7 ni tatizo la maelezo: hao waliitika, wakaacha shughuli zao, wakafika, ndipo wakaambiwa kwamba umri haujatimia, au kwamba walipaswa kuja wakiwa wamekula. Hili la pili ndilo la kushughulikia kwanza, maana mtu aliyerudishwa mlangoni ni vigumu kumpata tena mwaka unaofuata, na jirani zake watasikia kutoka kwake kabla hawajasikia kutoka kwenu.

Msimamo wangu kuhusu shughuli za kujitolea zisizo na fedha ni huu: tangazo humfanya mtu ajue, lakini kinachomtoa nyumbani ni mtu anayemfahamu, aliyemwomba kwa jina na kukubaliana naye saa. Kampuni ya simu au ya soda hununua masikio ya watu laki moja ili wachache waitike. Ninyi hamna fedha za kununua masikio hayo, ila mko vijana 14 mliozaliwa au kukulia hapo hapo, na kila mmoja wenu anafahamika msikitini au kanisani, kijiweni, sokoni na katika ukoo wake. Kwa hiyo mpango wenu wa matangazo uanze na orodha ya majina, na mabango yaje baadaye kama msaidizi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kabla ya kuandika neno lolote la kutangaza, mwulizeni kiongozi wa timu ya damu salama kama ana uwezo wa kuhudumia watu wangapi kwa siku ile, kwa sababu kila anayechangia hupita kwenye maswali, kipimo cha uzito, presha na wingi wa damu kabla hajafika kitandani, na baadaye anahitaji kupumzika kidogo na kunywa kitu. Tuseme kitanda kimoja kinahudumia watu wawili au watatu kwa saa. Kwa vitanda vinne, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, mtapata watu 60 hivi, na hapo ndipo penye ukomo wenu hata mngetangaza Tanga nzima. Sasa chukulieni kwa tahadhari kwamba kati ya watu watatu waliokubali kwa mdomo, mmoja hatatokea, na kwamba miongoni mwa watakaofika wapo watakaokutwa na damu pungufu au presha ya juu. Ili wapatikane 60 waliochangia, mnahitaji watu 110 hivi waliosema ndiyo. Gawanya kwa 14: kila kijana alete watu wanane.

Watu wanane ni kazi ambayo kijana yeyote anaiweza kwa wiki tatu, na tena inapimika. Kila Jumapili jioni mnakutana, daftari linafunguliwa, kila mmoja anataja majina yake. Asiye na majina anasaidiwa kuyatafuta pale pale: fundi aliyemfundisha kazi, mjomba anayeuza mkaa, wenzake wa timu ya mpira, wanawake wa kikoba cha mama yake. Jambo moja la kuangalia ni kwamba majina yasirudiwe. Vijana wa mtaa mmoja wana marafiki wale wale, na msipoangalia mtajikuta mmemwomba kinyozi mmoja mara tisa huku barabara ya nyuma yake haijaguswa.

Namna ya kuomba nayo ina uzito. Sentensi ya jumla, kama "Jamani tujitokeze kwa wingi tukaokoe maisha", humpa kila msikilizaji nafasi ya kudhani kwamba ataenda mwingine. Linganisha na hii, ambayo kijana anamwambia jirani yake ana kwa ana: "Kaka Juma, Jumamosi ya tarehe 13 tunachangia damu pale ofisi ya mtaa. Mimi nimejiandikisha saa 4 kamili. Nafasi ya saa 4 na nusu iko wazi, nikuandike wewe ili tuongozane? Ule kabla ya kutoka, nitakupitia." Katika maneno hayo machache mna siku, mahali, saa, sharti la kula, na mtu wa kwenda naye, na zaidi ya hayo mna swali linalohitaji jibu la ndiyo au hapana. Akikataa, kijana ashukuru na aendelee na mwingine, kwa sababu mtu ana sababu zake za kiafya ambazo si lazima azitoe barazani.

Kuandikisha kwa saa kunatatua tatizo lingine ambalo huenda mwaka jana hamkulipata kwa kuwa watu walikuwa wachache, lakini mwaka huu mtalipata mkifanikiwa. Mkitangaza "kuanzia saa 2 asubuhi", wengi watafika kati ya saa 3 na saa 5, watakaa kwenye foleni juani, watakata tamaa, na ikifika saa 7 mchana wataalamu watakuwa wamekaa bila kazi. Chukueni daftari la kawaida la mistari, gawanyeni siku kwa nusu saa nusu saa, na kila nusu saa muweke nafasi tisa, ili pengo la wasiotokea lizibwe na wenzao. Saa za asubuhi wapeni wenye biashara na wanaokwenda shamba. Kuhusu vijana wapenzi wa mpira, kumbukeni kwamba Kombe la Dunia linaanza tarehe 11 Juni huko Marekani, Canada na Mexico, na kwa saa zetu mechi nyingi zitakuwa za usiku na nyingine za alfajiri. Mtu aliyekesha hafai kuchangia damu akiwa na usingizi. Waandikeni saa 6 au saa 7 mchana, na wawe wamelala na kula.

Hapo hapo kuna fursa ambayo mwaka mwingine hamtaipata. Vibanda umiza, yaani vibanda vya kutazamia mpira, vitajaa watu ambao, kwa umri, wengi wanafaa kabisa kuchangia. Zungumzeni na wenye vibanda mapema, muwaombe wawape dakika mbili za mapumziko ya mechi ya Alhamisi na ya Ijumaa, na mumpeleke kijana mmoja tu mwenye sauti na mzaha kidogo, aliyeshika daftari. Asitoe hotuba. Aseme siku, mahali na sharti la kula, kisha apite katikati ya viti akiandika majina.

Turudi kwa wale 7. Masharti ya kuchangia lazima yawemo ndani ya kila tangazo mtakalolitoa, liwe la karatasi, la mdomo au la simu, hata kama linarefuka. Kwa utaratibu wa Tanzania, mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na awe anajisikia mzima. Mjamzito na anayenyonyesha hawachangii. Mwanamume hurudia baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya miezi minne, kwa hiyo aliyechangia mwezi Aprili asiandikwe. Na kila mtu afike akiwa amekula na kunywa maji ya kutosha. Orodha kamili mthibitishiwe na wataalamu wenyewe, ikiwa ni pamoja na suala la dawa anazotumia mtu, halafu kila kijana aikariri, kwa sababu mtu akiuliza barabarani "mimi nina presha, naruhusiwa?" jibu sahihi ni kumpa namba ya mtaalamu, na jibu la kubahatisha ndilo linalozalisha wale 7 wengine.

Upande wa viongozi, anzeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, na muende na barua ya ukurasa mmoja. Mhuri wa ofisi ile ni tangazo kwa namna yake, maana ndio utakaowafungulia milango ya shule, ya nyumba za ibada na ya redio, na huondoa wasiwasi wa mzazi anayemwona kijana asiyemfahamu akiandika namba za simu. Waombeni pia mabalozi wa nyumba kumi wataje zoezi katika vikao vyao. Kama mnafikiria kufanya matembezi ya ngoma siku moja kabla, kumbukeni kwamba sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla ya mkutano au maandamano ya hadhara, na mtendaji atawaelekeza barua ipitie wapi. Binafsi ningeyaacha matembezi. Yanachosha vijana wale wale mnaowahitaji kesho yake alfajiri.

Nyumba za ibada ndizo chombo chenu kikubwa cha matangazo ya bure, na kwa mji kama Tanga sidhani kama kuna kingine kinachokaribia. Tatizo ni kwamba imamu au mzee wa kanisa hupokea karatasi nyingi, na karatasi ndefu hufupishwa na msomaji kwa namna asiyoipanga mwandishi. Andikeni tangazo ambalo litasomwa lilivyo kwa chini ya dakika moja. Kwa mfano:

"Jumamosi ya tarehe 13 Juni, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, kutakuwa na zoezi la kuchangia damu katika ofisi ya serikali ya mtaa. Anaombwa kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi, na anayejisikia mzima. Ufike ukiwa umekula na kunywa maji. Kuandikisha saa yako, mwone kijana wetu fulani, ambaye atasimama sasa mumwone."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Pale kwenye "fulani" liingie jina la mwenzenu anayesali msikiti ule au kanisa lile, asimame waumini wamwone, na baada ya ibada awe mlangoni na daftari. Kwa misikiti, lengeni Ijumaa mbili, ya tarehe 5 na ya tarehe 12, na mwoneni imamu au katibu wa msikiti siku mbili tatu kabla. Kwa makanisa, Jumapili za tarehe 31 Mei na 7 Juni, karatasi ifike ofisini kabla ya Alhamisi, na kwa Wakatoliki msizisahau jumuiya ndogo ndogo, ambamo watu 15 wanaofahamiana hukaa pamoja na wanaweza kuulizwa mmoja mmoja. Waumini wa Kisabato hawatafika Jumamosi. Kama mnao wengi mtaani, waulizeni wataalamu mapema siku na saa ambazo watu hao wanaweza kuchangia hospitali ya Bombo, mkawaelekeze huko, badala ya kuwaita kwa siku msiyoweza kuibadili.

Baada ya nyumba za ibada, nawashauri mweke nguvu kwenye vijiwe vya bodaboda na bajaji. Madereva hawa wameshuhudia ajali kuliko mtu mwingine yeyote mtaani, baadhi yao wamewahi kukimbizwa hospitali au kumkimbiza mwenzao, na hivyo hawahitaji kuelezwa kwa nini damu inahitajika. Kijiwe kina mwenyekiti wake na kina utaratibu. Mwenyekiti akikubali kuja na vijana wake sita, watakuja kweli, na kwa pikipiki zao watawapitishia habari mitaa ambayo ninyi hamfiki. Wawekeeni saa yao maalumu, tuseme saa 5 asubuhi, abiria wanapopungua, na muwape nafasi ya kupumzika vya kutosha kabla ya kurudi barabarani, kama wataalamu watakavyoelekeza.

Sasa niseme kuhusu hofu, kwa sababu zoezi la kuchangia damu halifanani na bonanza la mpira. Katika mwambao wetu hadithi za mumiani zilivuma tangu enzi za ukoloni, kwamba kuna watu wanaokamata wengine na kuwanyonya damu ili itengenezewe dawa, na ingawa kijana wa leo anazicheka, mabaki yake bado yapo: kwamba damu inauzwa, kwamba kuna freemason nyuma yake, kwamba mtu atapungukiwa na nguvu za kiume, au kwamba majibu ya virusi yatatangazwa mbele za watu. Msiziandike hofu hizi kwenye bango hata kwa nia ya kuzikanusha, kwa sababu asiyeisikia ataisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwenu, na anayeipita kwa haraka atakumbuka neno "inauzwa" akasahau neno "si kweli". Zijibuni ana kwa ana, kila moja kwa aliyeileta. Kuhusu majibu, mwambieni mtu ukweli ulio wazi: damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende, na majibu ni siri kati yake na wataalamu. Kuhusu kuuzwa, mwitikeni kwa heshima, kwa sababu mara nyingi anayesema hivyo ana ndugu aliyewahi kuhangaika hospitali, na kumbishia mtu mwenye kisa chake hakumleti kitandani. Mpeni namba ya mtaalamu amwulize moja kwa moja kuhusu utaratibu ulivyo.

Anayeondoa hofu kuliko maelezo yoyote ni mtu wa mtaa aliyechangia akaonekana kesho yake yuko kazini, na mtu aliyepewa damu. Karibu kila mtaa una mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, au mzazi wa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, au familia yenye mgonjwa wa selimundu (sikoseli). Akiwapo aliye tayari kuzungumza, mrekodini ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa maneno yake mwenyewe, bila kumwandikia. Awe amekubali kwa hiari, ajue utafika wapi, na aambiwe wazi kwamba ujumbe ukishaingia WhatsApp haurudi. Akisita, acheni.

Hapo tumefika kwenye WhatsApp, ambako mwaka jana mliweka matumaini yenu. Kuna mambo ya kiufundi ambayo wengi hawayajui na yanaua matangazo ya bure kimya kimya. Ujumbe wa kawaida husambazwa kwa makundi au watu watano tu kwa mpigo. Ukishapita mikono mingi ukapata alama ya mishale miwili, hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya mmoja kwa wakati, na hivyo tangazo lenu linapoanza kuvuma ndipo linapofungwa breki. Zaidi ya hapo, watu wamejifunza kuutilia shaka ujumbe wenye mishale hiyo, kwa kuwa ndio unaobeba uzushi. Dawa yake ni kwamba kila kijana awe na picha na maneno katika simu yake, na autume upya kama ujumbe wake mwenyewe, akianza na sentensi inayowahusu watu wa kundi lile: "Wana ukoo, mimi nimejiandikisha saa 4, nani ataniunga mkono?" Orodha ya kutuma kwa wengi huchukua watu 256, lakini anayeupata ujumbe ni yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo msishangae mkituma kwa 200 na wakaupata 60. Hali ya WhatsApp, yaani status, hudumu saa 24 kisha hufutika. Wote 14 muiweke kwa pamoja, saa moja ya jioni, Jumatano na Ijumaa ya wiki ya mwisho, ili mtaa mzima uione usiku mmoja. Facebook na Instagram wekeni tangazo moja ili anayetaka kuhakiki aone, na msipoteze muda zaidi huko.

Mabango hayahitaji maneno mengi kwenye jibu hili. Karatasi za A4 nyeusi na nyeupe zinatosha, tarehe na saa ziandikwe kwa herufi zinazosomeka ukiwa juu ya baiskeli, na zibandikwe mahali watu wanaposimama kungoja: buchani, kwenye mashine ya kusaga, kwa wakala wa fedha za simu, kwa kinyozi, saluni, kijiwe cha kahawa, dirisha la duka la dawa. Kwenye nguzo ya umeme au ukuta wa mtu bila ruhusa hapana. Ombeni mwenye duka alibandike mwenyewe kwa ndani, maana akishalibandika ataulizwa na wateja, na akiulizwa atajibu, na huyo ni mhamasishaji wa kumi na tano ambaye hamkumlipa.

Redio nayo ina mahali pake, mradi muelewe itawapa nini. Tangazo la biashara redioni hulipiwa, na 60,000 yenu ingeishia hapo bila kuwaletea watu kumi. Ila kipindi cha asubuhi kinahitaji wageni wenye jambo la kusema, na ninyi mnalo, lenye sababu ya wiki ile ile. Sehemu kubwa ya damu nchini hutoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na shule zinapofungwa mwezi Juni akiba hushuka, wakati wajawazito na majeruhi wanaendelea kufika hospitali kama kawaida. Hiyo ndiyo habari. Mwandikieni meneja wa vipindi wiki mbili na nusu kabla, barua ya nusu ukurasa isiyotaja neno "tangazo", muahidi kuja na mtaalamu wa damu pamoja na mchangiaji mmoja, na muambatanishe maswali matano anayoweza kuuliza mtangazaji. Mkiwa studioni, tajeni mahali na saa mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa sababu wasikilizaji huingia na kutoka. Msitarajie redio ijaze vitanda: inasikika mkoa mzima, na zoezi lenu ni la mtaa mmoja. Faida yake ni kwamba kijana wenu akigonga mlango siku inayofuata, mwenye nyumba atasema "ndiyo, nilisikia redioni."

Mtashawishika kuongeza vivutio, na hapa nawaomba muwe waangalifu. Upimaji wa bure wa presha na sukari huvuta umati, lakini mara nyingi ni umati wa wazee wasioweza kuchangia, na foleni yao huwafukuza wenye umri unaofaa. Mkitaka kuuweka, uwe upande mwingine wa uwanja, uwe na daftari lake, na usitajwe kwenye tangazo la damu. Fedha kwa mchangiaji ni mwiko, kwa sababu mwenye kufuata malipo ana sababu ya kuficha hali yake ya kiafya. Soda, maji na biskuti ni sehemu ya huduma, tena mwenye duka la jumla huombeka kwa urahisi zaidi kutoa katoni nne za maji kuliko kutoa fedha, hasa mkimwambia jina la duka lake litaandikwa mezani.

Zile shilingi 60,000 ningezigawa hivi: 25,000 za vocha na bando kwa ajili ya kupiga simu, maana simu ndiyo mtaji wenu, 15,000 za fotokopi za mabango na barua, 10,000 za nauli za kupeleka barua na za betri za kipaza sauti mtakachoazima kwa mtendaji, na 10,000 zikae bila kuguswa hadi wiki ya mwisho. Fulana za kufanana, ambazo vikundi vingi huzipa kipaumbele, ziacheni. Kitambaa cha rangi moja kilichofungwa mkononi kinatosha kuwatambulisha.

Siku tatu za mwisho ndizo za kutotawanyika. Jumatano kila kijana anawapigia watu wake wanane, anathibitisha saa, anawakumbusha kula. Ijumaa jioni anatuma ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, usiohitaji bando. Atakayesema hawezi, nafasi yake inatolewa pale pale kwa mwingine. Asubuhi ya Jumamosi vijana wawili hawafanyi kazi nyingine isipokuwa kukaa na daftari na simu: aliyechelewa robo saa anapigiwa. Mwingine mmoja akae mlangoni na chai na mkate kwa ajili ya atakayefika bila kula, amkalishe, na amwandikie saa ya baadaye kadiri mtaalamu atakavyoruhusu. Mtu atakayekataliwa na wataalamu asiulizwe sababu na yeyote kati yenu. Ashukuriwe, apewe maji kama wengine, na aombwe kuleta jirani.

Kuhusu picha na namba za simu, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mmekusanya taarifa za watu zaidi ya mia. Msiwaingize katika kundi la WhatsApp bila kuwauliza. Msipige picha ya mtu aliye kitandani bila ridhaa yake, na daftari likae kwa mtu mmoja. Siku ileile jioni mtumieni kila aliyekuja ujumbe wa shukrani wenye idadi ya chupa zilizopatikana, kisha mwulizeni kama yuko tayari kukumbushwa. Wanaume waliokubali muwaandike kwa katikati ya Septemba na wanawake kwa katikati ya Oktoba, na majina ya wasiokubali myafute.